Jiwe Lisilobeba Chungu

Kulikuwa na wakati ambapo jiko la Wakighare lilikuwa na mafiga matatu tu, kama jiko la watu wengine wote, na maji yaliletwa baada ya chakula, kwa aliyepaliwa au aliyekwisha shiba. Hakuna aliyeyaonja kwanza. Hakuna hata aliyeyafikiria. Wakati huo Wakighare walikuwa bado mlimani kwao, juu kabisa, mahali ambapo migomba huota hadi mlangoni na ukungu huingia ndani bila kubisha hodi.

Watu wote wa mlima ule waliteka maji mahali pamoja, kwenye chemchemi iliyotoka chini ya mwamba mweupe. Yalikuwa maji ya uvuguvugu kidogo, yenye utelezi, na chungu kilichoyachemsha kila siku kilifanya ukoko mweupe ndani yake. Mgeni angeyanywa angekunja uso. Lakini wageni hawakupanda huko mara kwa mara, na mwenyeji hakuwa akinywa maji mengine ya kuyalinganisha nayo. Kwake yeye, ladha ya maji yale ilikuwa ndiyo ladha ya mdomo wake mwenyewe.

Chakula chao cha heshima kiliitwa kishuro. Maharagwe yalitelekwa asubuhi, yakaachwa yatokote hadi yapasuke na kuyeyuka, kisha zikaongezwa ndizi mbichi zilizomenywa, na mwisho vyote vikapondwa pamoja kwa mwiko. Kishuro kizuri kilikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu. Kilikuwa laini kiasi kwamba mzee asiye na meno alikila bila kusaidiwa. Punje nzima ya haragwe ikionekana ndani yake ilikuwa aibu, kwa kuwa kila mtu alijua maana yake: mpishi ameona uvivu wa kutafuta kuni.

Na kishuro kilikuwa na sheria. Kijana alipooa, mama yake alimkabidhi mkewe mwiko, na tangu hapo mama huyo hakuushika tena hadi kufa. Kazi yake ilikuwa kuonja. Kila jioni watu walinawa, wakakaa, wakangoja. Mama mkwe alichota kidogo kwa ncha ya kijiko cha mti, akakiweka ulimini. Kama chakula hakijafikia, alisema, "Kuleni." Halikuwa tusi, wala haikuwa sifa. Kama kimefikia, alisema, "Ndicho." Siku ya neno hilo vigelegele vilipigwa hadi nyumba za chini, na kesho yake mume alishuka kijitoni kumtafutia mkewe mawe matatu. Mke akawa na jiko lake. Kabla ya hapo, hata awe amezaa, aliitwa mgeni wa jikoni.

Namkunda aliambiwa "Ndicho" akiwa bado binti mdogo, mwaka uleule aliopokea mwiko. Aliyemwambia alikuwa mwanamke mkali ambaye hakumsifu mtu mwingine maishani mwake, na Namkunda alilitunza neno lile kama watu wanavyotunza shanga za bibi. Hakujivuna nalo. Ila alijua thamani yake, na alijua kwamba neno likitolewa bure halina tena kazi.

Kisha likaja lile masika ambalo udongo wa mlimani ulijaa maji ukashindwa kujishikilia. Upande mmoja wa mlima uliporomoka pamoja na mashamba, nyumba na watu waliokuwamo. Mume wa Namkunda alikuwa miongoni mwao. Waliobaki upande ule hawakuwa na pa kulima, na baada ya matanga walianza kufunga mizigo. Walikuwa wamesikia kwamba ng'ambo ya mto mkubwa, katika nchi ya Wabwesi, kulikuwa na ardhi tambarare na watu wasio wachoyo.

Wakighare hawakuondoka kama watu wanaokimbia. Waliondoka kama watu wanaohamisha nyumba. Walibeba machipukizi ya migomba, mizizi yake ikiwa imefungwa kwa magamba mabichi. Walibeba mbegu za maharagwe, vyungu, miiko, na vijiko vya kuonjea. Namkunda alibeba hata mafiga yake. Mawili alimtwika mwanawe Mbonea, na moja alilibeba mwenyewe kichwani, juu ya kata ya majani. Watu walipomcheka alisema, "Huko tuendako najua kuna mawe. Lakini hayajui kupika."

Kila kitu walikibeba. Kitu ambacho hakuna aliyefikiria kukibeba ni maji, kwa sababu kila mtu anajua kwamba maji yapo kila mahali. Walikuwa nayo ya kunywa njiani tu, ndani ya vibuyu. Walipoufikia mto mkubwa na kuona maji mengi yanapita bila mwisho, watu walishangilia, na Namkunda akachukua kibuyu chake, ambacho kilikuwa bado na maji kidogo ya mlimani, akayamwaga mchangani. Alisema yamekwisha vunda. Akakisuuza kibuyu, akakijaza upya.

Jambo hilo lilikuwa dogo sana siku hiyo kiasi kwamba hakuna aliyelitazama. Baadaye Namkunda alilitazama maisha yake yote yaliyobaki.

Wabwesi waliwapokea vizuri. Wao walikula samaki na ugali wa mtama, na waliwagawia wageni mbegu na nyavu kuukuu. Msimu wote wa kwanza Wakighare walikula chakula cha wenyeji huku wakiwa wamekodolea macho migomba yao michanga. Migomba ikashika. Maharagwe yakazaa. Lakini kabla ya mkungu wa kwanza kukomaa, Mbonea alikuwa amekwisha oa, na Namkunda alikuwa amekwisha shusha mwiko. Kwa hiyo, na hili ni la kushika, Namkunda hakupata kupika kishuro hata mara moja katika nchi ile. Kingepikwa na mikono ya mwingine, naye angeonja.

Mkwewe aliitwa Nakijwa. Alikuwa yatima wa maporomoko yaleyale. Aliondoka mlimani akiwa msichana anayeanza tu kujifunza mapishi kwa shangazi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Mkungu wa kwanza ulipokatwa, aliamka mapema, akayateleka maharagwe juu ya mafiga yaliyotoka mlimani, akakaa nayo kutwa nzima akichochea moto.

Jioni watu walinawa, wakakaa. Namkunda alikuwa ameisubiri siku ile kwa miezi mingi, akachota kijiko kwa furaha. Alionja. Chakula kilikuwa cheupe. Maharagwe yalikuwa mazima, moja moja, yakigongana mdomoni kama kokoto. Hakikuwa na ule utelezi, hakikuwa na ile harufu ya mbali ya mawe yaliyolowa. Kilikuwa maharagwe na ndizi.

"Kuleni," alisema.

Baadaye, wakati wa kuosha vyombo, alimwita Nakijwa pembeni. "Mwanangu, huku kuni si haba. Usiwe mchoyo wa moto."

"Sikuubania moto, mama."

"Haragwe halisemi uongo."

Nakijwa akarudi kwenye vyombo. Safari iliyofuata alianza kupika tangu usiku haujaisha. Safari nyingine aliyaloweka maharagwe kutwa kucha. Alibadilisha kuni, akaacha miti ya mtoni akatafuta miti migumu ya mbali. Aliponda hadi viganja vikatoka malengelenge. Kila mara Namkunda alichota kwa ncha ya kijiko, akaonja, watu wote wakimtazama, kisha akasema, "Kuleni." Watoto walizaliwa pale, wakaanza kutambaa, wakaanza kutembea, na mama yao akaendelea kuwa mgeni wa jikoni.

Haikuwa kwamba Namkunda alimchukia. Usiku alimfunikia watoto, mchana alimsifia kilimo chake kwa majirani. Lakini kwake yeye ladha ilikuwa mkononi mwa mtu, kama vile sauti ilivyo kooni mwake, na mkono wa Nakijwa haukuwa nayo. Angesemaje kuwa unayo? Aliona kwamba watu wake walikuwa wamepoteza mlima, wamepoteza makaburi, na watoto wao sasa wanatukanana kwa Kibwesi. Kilichobaki kilikuwa ncha ya kijiko chake.

Wenzake hawakuwa hivyo. Palikuwa na jirani yake, Kachenje, mjane kama yeye, aliyevuka mto pamoja naye. Huyo alimpa mkwewe neno mapema tu.

"Kwani chake kilikuwa ndicho?" Namkunda alimuuliza.

"Kilikuwa mawe," Kachenje alisema. "Nilifumba macho nikameza, nikasema Ndicho. Mwenzangu, mimi nataka wajukuu wasiolala na njaa. Maharagwe yatajijua yenyewe."

"Basi neno umelitupa."

"Nimelitupa, na nyumba yangu inacheka. Wewe umelifungia sandukuni, na nyumba yako je?"

Mbonea naye alijaribu, kwa adabu. "Mama, mbona sisi tunakula tunashiba?"

"Kushiba hata ng'ombe hushiba," Namkunda alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kulikuwa na mwanamke wa Kibwesi aliyeitwa Sinduka, ambaye alikuwa akiteka maji pamoja na Nakijwa. Siku moja alimwona anavyopasua kuni ngumu huku mgongo unamuuma, akamuuliza kulikoni. Nakijwa, ambaye hakuzoea kueleza shida zake, alieleza siku ile. Sinduka akacheka. "Unapigana na haragwe kwa moto? Sisi majani magumu tunayapika kwa maji ya jivu. Choma maganda ya ndizi yaliyokauka, chuja jivu lake kwa maji, mimina maji hayo chunguni. Litalainika lenyewe, wala halitakuuliza kitu."

Nakijwa alifanya hivyo. Maharagwe yakapasuka, yakayeyuka. Rangi yake ikageuka, ikawa nyekundu ya kahawia, kama udongo wa kichuguu. Alikiponda akakiepua, na mikono yake ilikuwa inajua, kabla ya kuambiwa, kwamba leo kimetokea kitu.

Namkunda alionja. Ulimi wake ukasimama. Watu wote waliona. Mbonea aliona, watoto waliona, na Nakijwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, aliona kuliko wote. Macho ya mama mkwe yalijaa machozi. Ilikuwa ile ladha, au karibu nayo sana; ilikuwa kama kusikia mtu anaita jina lako kwa sauti ya mtu aliyekufa. Midomo yake ilifunguka kutoa neno.

Lakini alikuwa mtu wa kutaka kuhakikisha. "Umefanyaje leo?" aliuliza.

Nakijwa hakuwa na tabia ya kusema uongo. "Nimetia maji ya jivu, mama. Sinduka alinifundisha."

Namkunda akarudisha kijiko chini. "Jivu?"

"Ndiyo, mama."

"Jivu tunaoshea vyungu. Mlimani hatukuwahi kutia jivu katika chakula. Mama mkwe wangu hakutia, wala wake hakutia." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Umenipikia chakula cha Wabwesi ukakivisha nguo zetu."

"Mama," Nakijwa alisema polepole, "mimi nimekuona. Ulimi wako ulisimama. Sema tu."

Kila mtu alingoja. Namkunda aliutazama moto, akayatazama mafiga aliyoyatoa mbali, na akaona kwamba akilisema neno lile juu ya jivu, hapatakuwa tena na mtu wa kujua tofauti.

"Kuleni," alisema.

Wapo wanaosimulia kwamba Nakijwa alifukuzwa, au kwamba alitukana akaondoka. Si kweli, na ni vizuri jambo hili lielezwe lilivyokuwa. Hakufukuzwa na hakutukana. Aliwapakulia watoto, akaosha vyombo vyote, akaulaza mwiko juu ya kizingiti. Asubuhi alimwamkia mama mkwe kama kawaida yake, akafunga mzigo, akaelekea kusini mtoni walikokuwa wakiishi ndugu za Sinduka. Mbonea alibaki amesimama uani kati ya mama yake na njia. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameifuata njia, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi.

Kwa hiyo Namkunda akabaki na mafiga yake matatu, chungu chake, na mwiko ambao sheria ilimkataza kuushika. Alikula kwa Kachenje. Kachenje alikuwa na huruma kiasi cha kutosema lolote, na kwa mtu kama Kachenje hiyo ilikuwa huruma kubwa.

Miaka ilipita. Mlima ulitulia, njia zikafunguka, na siku moja akaja mgeni. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, Namvumo, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa mlima ambao haukuporomoka, naye hakuwahi kuhama. Ujanani Namvumo alisifiwa kwa mkono kuliko wanawake wote wa mlima. Alikuwa pia mtu wa kujidekeza. Alisema tumbo lake halikubali maji ya njiani, kwa hiyo mwanawe, ambaye alikuwa hajaoa bado, alikuwa amembebea maji ya nyumbani kwenye vibuyu vikubwa, na yeye hakunywa mengine safari nzima.

"Umezeeka, wifi," alisema Namvumo akiingia. "Mimi bado."

"Wewe ulizaliwa mzee," Namkunda alijibu, wakakumbatiana wakalia.

Siku ya pili Namvumo alisema atapika. Namkunda alimletea chungu, akamwashia moto kwenye mafiga ya mlimani, akamwonyesha mwiko uliokuwa umekauka juu ya kizingiti. Maharagwe yalikuwa ya mlimani. Namvumo alikuja nayo. Maji Kachenje aliyateka mtoni. Wanawake wale watatu walikaa kutwa nzima wakikumbushana majina ya watu, na Namkunda alikuwa mwepesi kama msichana. Leo, alimwambia Kachenje, leo utaonja, na utajua kwa nini sikufumba macho.

Namvumo alifunua chungu. Akatazama. Akaongeza kuni, akafunika. Akafunua tena. Jua lilipoanza kushuka aliponda, akapakua, akampa wifi yake kijiko.

Namkunda alionja. Kilikuwa cheupe. Maharagwe yalikuwa moja moja, yakigongana kama kokoto. Alikijua chakula kile. Hakikufanana tu na kile cha Nakijwa cha siku ya kwanza. Kilikuwa ndicho kilekile.

Namvumo naye alionja. "Kanichezea nani mkono?" alisema kwa hasira. "Tangu asubuhi haragwe linanikodolea macho! Lete maji nisukutue."

Vibuyu vyake vilikuwa vimekwisha, kasoro kimoja chenye mabaki, hivyo Namkunda akamchotea kata ya maji ya mtungini. Namvumo akapiga funda moja, akasimama nalo mdomoni, akalimeza kwa shida.

"Maji gani haya?"

"Ya mto. Ndiyo tunayokunywa."

"Hayashiki ulimi. Yamelala." Akakivuta kibuyu chake, akamimina kidogo katika kiganja, akanywa, kisha akanywa tena ya mto. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini sasa uso wake haukuwa na mzaha. "Wifi," alisema, "hebu yaonje haya."

Namkunda akapokea. Maji yalikuwa yamevunda kidogo, yakiwa na harufu ya kibuyu, lakini chini ya yote hayo kulikuwa na ule utelezi, na uchungu wa mbali, na mawe yaliyolowa. Hakuwa ameyaonja tangu siku ile mtoni. Kishuro chote kilikuwa ndani ya maji yale, bila haragwe wala ndizi.

Aliona kiganja chake mwenyewe kikikigeuza kibuyu juu ya mchanga. Aliona malengelenge kwenye viganja vingine.

"Halikuwa kosa la mkono," alisema mwishowe.

Kachenje alikifunika chungu.

Alfajiri Namkunda alichukua kile kibuyu chenye mabaki, akakiziba vizuri, akakifunga kiunoni. Kisha akainama jikoni, akang'oa figa moja, lile alilolibeba mwenyewe kutoka mlimani, akaviringa kata ya majani.

"Wifi, una wazimu," alisema Namvumo. "Kwa umri huu unabeba jiwe? Huko kusini hakuna mawe?"

"Yapo. Lakini hili ndilo nililomnyima."

Njia ya kusini ilifuata mto. Alipumzika mara nyingi, na kila alipopumzika alilitua jiwe mapajani badala ya kuliweka chini, kwa kuwa hakuwa na hakika kama angeweza kuliinua tena. Alipofika, watoto waliokuwa wakianika samaki walimkimbilia bila kumjua, wakaanza kucheka kwa Kibwesi. "Mama, njoo uone! Bibi kaleta jiwe! Kwao mawe yamewazidi!"

Nakijwa alitoka. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zilianza kuwa na mvi pembeni. Alimtua mama mkwe mzigo kabla ya salamu, kama mtu aliyelelewa vizuri, kisha akamwamkia, akamwekea kigoda.

Namkunda hakukaa. Alifungua kibuyu. "Kunywa, mwanangu."

Nakijwa alikunywa. Alikuwa ameondoka mlimani akiwa mdogo, na alikuwa amesahau kwamba amesahau. Alichuchumaa hapohapo, kibuyu kifuani.

"Ni ya nyumbani," alisema.

"Ni ya nyumbani. Mkono wako haukuwa na kosa hata siku moja. Yalikuwa maji. Mimi ndiye niliyeyamwaga, na mimi ndiye niliyekulaumu wewe."

Nakijwa akakiziba kibuyu. Kisha akauliza jambo moja tu. "Na kile chungu cha jivu?"

"Ndicho," alisema Namkunda. "Kile kilikuwa ndicho, mwanangu. Ndicho."

Hapakuwa na vigelegele. Watoto walitazamana, kwa kuwa hawakujua ni neno gani hilo, na mama yao alikuwa anatazama mto.

"Neno limefika, mama," Nakijwa alisema. "Lakini chungu kimeshaepuliwa. Tangu nilipotoka kwako sijateleka kishuro. Migomba sikupanda. Watoto hawa hawakijui hata kwa jina. Niliiambia mikono yangu isahau, na mikono yangu ni mitiifu."

"Hata mara moja? Tutafute ndizi. Jivu lipo."

"Hapana, mama. Samehe." Hakulisema kwa ukali. Kwa ukali ingekuwa nafuu.

Jioni ilipofika alipika alichozoea kupika, samaki na ugali wa mtama, juu ya mafiga matatu yaliyotoka katika mto wa pale. Lile jiwe la mlimani halikuwa na mahali pa kukaa, kwa kuwa jiko lilikwisha timia. Nakijwa alilisogeza kando ya moto, akaliegemeza likae vizuri. Kisha akachota kata ya maji ya mtungini na kuiweka juu yake.

Mbonea alirudi na nyavu, akamwamkia mama yake; watu walinawa, wakakaa. Kwa mazoea, Namkunda alinyoosha mkono kwenye chakula. Nakijwa akamzuia kwa upole.

"Onja maji yangu kwanza, mama. Ukishayajua, ndipo ule."

Namkunda akainua kata akanywa. Yalikuwa maji yaliyolala, yasiyoshika ulimi, maji ya nchi ambamo wajukuu wake walizaliwa. Akayanywa yote. Kisha akamega ugali, akachovya, akala, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mto hakukilinganisha chakula na kitu kingine. Walikuwa wanamngojea aseme. Neno la zamani alikuwa amekwisha litumia, na lile lingine alilichukia.

"Ni cha hapa," alisema. Nao wakala.

Namkunda alizikwa kusini, karibu na jiko lile. Namvumo alirudi mlimani na ahadi ya kutuma maji kila safari, na pengine angetuma. Lakini masika mengine yaliuangusha ule mwamba mweupe, chemchemi ikafukiwa, na siku hizi hata watu wa mlimani wanateka kijitoni kama watu wengine. Wao wanapika kishuro chao, na kimekuwa cheupe. Wakighare wa ng'ambo nao wana chao. Wapo wanaotia jivu, wapo wanaotia magadi ya dukani, wapo wanaochanganya samaki, na kila nyumba inaapa kwamba chake ndicho cha asili. Ulimi uliokuwa na uwezo wa kuhukumu haupo.

Na tangu jioni ile ya Nakijwa, kila Mkighare anapojenga jiko katika nchi ya ugeni huweka jiwe la nne kando ya yale matatu, nalo hubeba kata ya maji. Mgeni au mkwe, mzee au mtoto, hunywa maji hayo kwanza, ndipo ajue anachokwenda kula kimetoka wapi. Aliyeonja maji hana ruhusa tena ya kulaumu mkono. Akimaliza kuonja chakula husema, "Ni cha hapa." Neno "Ndicho" halisemwi mezani kwao, hata kwa mzaha.

Watoto huuliza jiwe lile ni la kazi gani, nalo halibebi chungu. Huambiwa kwamba hilo ni jiwe lililochelewa. Kisha hupewa maji.